Habu Hazijafungwa

Mlango wa nyuma wa gari la kampuni ulikuwa na ukaidi wake: ulimtii mtu aliye nje tu. Kitasa cha ndani kiling'oka zamani, na fundi wa yadi kila akikumbushwa husema kesho, na kesho ya fundi wote tunaijua. Kwa hiyo asubuhi ile Mama Mapacha alipopanda na gunia lake la mchele, debe la mafuta ya kupikia na pipa la dizeli la mashine, akasikia mlango ukibamizwa mgongoni kwake, alijua kwamba hatoki humo mpaka mtu amkumbuke.

Hakuzoea kukaa nyuma. Yeye alikuwa mpishi wa kambi ya wachimba visima, mume wake ndiye dereva wa gari, na kila siku walikwenda kambini wamekaa mbele bega kwa bega, wakigombana kwa furaha juu ya dirisha lifunguliwe au lifungwe. Leo kiti chake kilikuwa na mwenyewe mpya. Msimamizi, kijana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono, aliletwa na makao makuu baada ya gari la kituo kingine kubiringika na watu ndani. Alianza kazi kwa kuwakusanya madereva wote yadini.

"Nimekuja kuwaona mkiendesha," aliwaambia. "Aliye mzima anaendelea na kazi. Mwenye kasoro, tutamshukuru."

Hakuna aliyeuliza maana ya kushukuriwa. Kushukuriwa ni kumwaga unga, na anayemwaga unga hurudisha pia ufunguo wa chumba, maana vyumba vya yadi ni vya kampuni. Mama Mapacha na mumewe walikuwa na chumba kimoja, jiko la barazani, na mapacha wawili shule ya bweni. Nje ya yadi ile hawakuwa na hata mahali pa kuegesha ufagio.

Na mume wake alikuwa na kasoro.

Goti la kushoto la Baba Mapacha lilikataa kukunjika hadi mwisho tangu mvua za mwaka uliopita. Kunyooka lilinyooka, ndiyo maana klachi aliikanyaga, japo kwa kusaga meno. Kuchuchumaa ndiko kulikomshinda. Akishuka chini, hainuki mpaka ashikwe mkono, na uso unamjaa jasho kama mwanamke wa uchungu. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha wa Baba Mapacha alikuwa mke wake. Kazini hakuna mwingine aliyejua. Walimwona akichechemea kidogo, akawaambia kiatu kinambana, wakamcheka kwa ubahili wa kununua viatu vidogo.

Sasa tuelewane kuhusu gari lenyewe. Lilikuwa la zamani, si kama haya ya siku hizi ambayo mtu anabonyeza kitufe akiwa amekaa. Kando ya gia kubwa kulikuwa na kigia kifupi. Ukikivuta, gari linaingia gia nzito. Linatambaa polepole kama lina mimba, lakini lina nguvu za kung'oa kisiki. Ila kigia peke yake hakitoshi. Katikati ya magurudumu ya mbele kuna habu, vifundo vya chuma ambavyo lazima mtu ashuke avizungushe kwa mkono, kushoto na kulia. Usipovifunga, kigia utakivuta, injini itanguruma, na magurudumu ya mbele yatakaa kukutazama tu. Habu za gari lile zilikuwa ngumu, za kuchuchumaa ukazikabili kifua kwa kifua. Na kuziacha zimefungwa safari nzima haikuwezekana, kwa sababu kwenye lami gari lilikunywa dizeli zaidi, na ofisi ilikuwa ikipima tangi kila jioni. Baba Mapacha alishaitwa ofisini mara moja kwa kosa hilo. Kuitwa tena hakutaka.

Basi walijitengenezea utaratibu wao. Lami inapoishia, Mama Mapacha huomba kushuka. Leo anataka kuchuma mboga za porini, kesho haja imembana. Anazunguka mbele ya gari, anachuchumaa, anafunga ya kushoto, anafunga ya kulia, anajifuta mikono kwenye kanga, anapanda. Madereva wengine waliokuwa wakipita walimtania kwamba ana kibofu cha mtoto. Yeye alicheka nao. Acha wacheke, alijisemea, kibofu changu ndicho kinachowalisha wanangu.

Lakini leo alikuwa nyuma, kwenye mlango usiofunguka kwa ndani.

*

Aliposikia magurudumu yanaacha lami na kuanza kugonga mawe, alitafuta mahali pa kuchungulia. Kulikuwa na kidirisha cha kioo kati yake na watu wa mbele. Alisogea akapachika uso. Aliona kisogo cha mumewe, kisogo cha Msimamizi, na mbele yao wingu jeusi limekaa juu ya bonde.

Gari lilipunguza mwendo. Atasimama, alifikiri, atasema anakuja kunifungulia. Gari likazidi kupunguza.

"Mzee, vipi?" Msimamizi aliuliza.

"Hapa ndipo lami inapoisha, bosi."

"Naona. Nimeambiwa gari hili husimama hapa kila siku ya Mungu. Muda wa kazi unaishia njiani. Leo hatusimami."

Mama Mapacha hakungoja asikie zaidi. Aligonga kioo kwa vifundo vya vidole. "Samahani, bosi! Naomba kushuka! Nimebanwa!"

Msimamizi aligeuka, akatabasamu. Hakuwa mtu mbaya. Tabasamu lake lilikuwa la mtoto aliyelelewa vizuri. "Jikaze kisabuni, mama. Si mbali. Unaona mvua inavyotukimbilia?"

Mama Mapacha alikuwa amempa mumewe mlango wa kutokea, tena amemfungulia na kumshikilia. Kilichobaki ni yeye kusema, "Bosi, mwanamke akibanwa amebanwa, acha nimfungulie." Basi! Nani angemkatalia? Katika kioo cha juu ya usukani macho yao yalikutana. Baba Mapacha aliyatoa ya kwake haraka, kama mtu aliyegusa sufuria la moto.

"Sawa, bosi," alisema, na akaongeza mafuta.

Mama Mapacha aliketi juu ya gunia la mchele. Alikuwa na neno moja kinywani, na neno lenyewe fupi: habu. Angelipiga kelele mara moja tu, gari lingesimama. Lakini baada ya hapo Msimamizi angemwambia dereva wake, haya, shuka ufunge. Na Baba Mapacha angeshuka, angechuchumaa, na asingeinuka. Yote yangekwisha pale pale kando ya njia. Alilimeza neno, likashuka kama mwiba wa samaki. Huenda bondeni bado ni pakavu, alijiambia. Huenda magurudumu ya nyuma yataweza peke yake. Mtu akikosa njia hata huenda ni rafiki.

*

Njia ya kushuka bondeni ilikuwa ya udongo mwekundu, na kumbe usiku kucha ilinyeshewa. Alimsikia mumewe akivuta kigia kifupi, krrrak, halafu gia namba moja, na injini ikabadili sauti ikawa nzito. Kisha akamsikia akimweleza mgeni, kwa ile sauti yake ya majigambo.

"Hapa hugusi klachi, bosi, wala breki. Ukikanyaga klachi umeliachia. Liache gari lijishike lenyewe, litakuteremsha kama mama na mtoto."

"Nasikia wewe ndiye bingwa wa bonde hili."

"Wanasema tu, bosi."

Na ni kweli angekuwa bingwa, kama magurudumu yote manne yangeshika. Lakini yaliyoshika yalikuwa mawili. Katikati ya mteremko mkia wa gari ulianza kwenda upande, taratibu kwanza, kama mlevi anayejaribu kupita bila kuonekana, halafu kwa kasi. Pipa la dizeli lilivunja kamba, likateleza, likambana Mama Mapacha ubavuni mpaka pumzi ikamtoka. Debe la mafuta likapinduka. Alisikia Msimamizi akiita jina la Mungu na mumewe akisema, "Tulia, tulia, tulia," bila kujulikana anamwambia nani. Mguu wa dereva, kwa mazoea ya uoga, ulikuwa tayari umekwenda kwenye breki. Gari likaserereka kiubavu hadi chini, likaingia kwenye kijito kwa kishindo, likakaa.

Maji yalisikika yakipita chini ya sakafu.

Baba Mapacha alijaribu kwenda mbele. Injini ilinguruma, matope yakaruka nyuma, gari likazama kidogo. Akajaribu kurudi nyuma. Likazama tena. Kila alipokanyaga mafuta Mama Mapacha alihisi mkia ukididimia, na maji yakaanza kupenya chini ya mlango, yakilowesha gunia la mchele. Pipa bado lilimkandamiza. Alilisukuma kwa miguu yote miwili akapata nafasi ya kupumua, kisha akaugonga mlango kwa ngumi.

"Nifungulieni! Jamani, nifungulieni, maji yanaingia huku!"

Aliyemfungulia ni Msimamizi. Alikuwa ameshika viatu mkononi, suruali imelowa mpaka mapajani. "Shuka, mama. Pole. Umeumia?"

"Sijaumia." Ubavu ulimwaka moto.

Msimamizi aliupiga mgongo wa gari. "Mzee! Jaribu tena, niangalie!"

Baba Mapacha akajaribu tena. Msimamizi alizunguka mbele akainama, akatazama. Dereva akajaribu mara nyingine. Kijana alisimama wima, na Mama Mapacha akaona kwenye uso wake kwamba ameshaona.

"Mzee, magurudumu ya mbele hayazunguki kabisa. Si ulisema umeweka gia nzito?"

Dirisha la dereva lilikuwa wazi. Baba Mapacha alishika usukani kwa mikono miwili, akatazama mbele, kule kilimani ambako kambi ilikuwa ikingoja chakula. Mama Mapacha alisimama ndani ya maji usawa wa dirisha hilo, karibu kiasi kwamba angeweza kumgusa sikio.

"Habu hazijafungwa, bosi," mumewe alisema.

"Na kwa nini hazijafungwa?"

"Ni huyu mama." Hakugeuza shingo. "Kila siku hunisaidia kufunga, kuokoa muda. Leo nilimwambia afunge kabla hatujatoka yadini, kwa kuwa mvua ilikuwa inakuja. Kasahau. Unawajua wanawake, bosi. Akili ilikuwa kwenye masufuria."

Mvua ilianza, matone makubwa yaliyopiga bati la gari. Msimamizi alimgeukia Mama Mapacha polepole. "Ni kweli, mama?"

Alimtazama mumewe. Aliona shavu lake, sikio lake, mshipa wa shingo ukipigapiga. Alingoja ageuke. Hata kidogo, hata kwa jicho la pembeni. Mshipa ulizidi kupiga, na shingo haikugeuka.

"Ni kweli," alisema. "Nimesahau."

"Ndiyo maana ulikuwa unagonga kioo? Ulikumbuka?"

"Nilikumbuka."

"Ukakumbuka, halafu ukaniambia umebanwa na haja!" Sauti ya kijana ilipasuka. "Kwa nini usiseme kweli? Neno moja tu, mama! Neno moja! Mimi sijui kuogelea. Nina mtoto ambaye hata kutembea hajaanza. Tungekufa hapa kwa sababu wewe unaona haya kusema umesahau?"

Mama Mapacha alikunja kanga akaifunga kiunoni, akapiga magoti ndani ya kijito, maji yakamfika kifuani, akapapasa chini ya matope mpaka akaipata habu ya kushoto. Aliikaza kwa viganja vyote viwili. Ikagoma, halafu ikazunguka. Akatambaa mpaka upande wa kulia, ubavu ukimchoma kila alipovuta pumzi, akafunga na hiyo.

"Tayari," alisema.

Baba Mapacha aliweka gia namba mbili, akaachia klachi mara moja, akaondoa miguu yote kwenye pedali kama alivyofundishwa na waliomtangulia. Gari likatetemeka, magurudumu ya mbele yakauma, na taratibu, bila kelele yoyote, likajitoa kwenye kijito na kupanda ukingo wa pili. Lilifanya hivyo kwa urahisi mno. Hilo ndilo lililomuuma Mama Mapacha kuliko yote.

Msimamizi aliukung'uta mguu mmoja, akavaa kiatu, akaukung'uta wa pili. Alikuwa ametulia sasa, na utulivu wake ulikuwa mbaya kuliko kelele.

"Leo utapika, kwa sababu watu wana njaa," alimwambia. "Kuanzia kesho sitaki kukuona ndani ya gari hili wala kambini. Makao makuu wakisikia habari hii watanifukuza mimi. Samahani, mama. Mimi pia nina wakubwa zangu."

*

Alipika. Mchele ulikuwa umeingia maji ya kijito, akauosha mara tatu na bado ulikuwa na mchanga. Wachimbaji walitafuna kwa uangalifu, mmoja wao akamuuliza kama siku hizi kokoto ni kitoweo. Wenzake walicheka. Hawakujua. Baba Mapacha alikula amesimama, kando ya gari, akiwa amewapa mgongo.

Walirudi yadini jua halijazama. Chumbani Baba Mapacha alikaa kitandani, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele yake kama kitu alichoazima. Mke wake aliwasha jiko barazani, akachemsha maji, akaloweka kitambaa, akaja akaliwekea goti kama alivyofanya kila jioni. Mikono ilifanya kazi yenyewe.

"Umekasirika," mume alisema.

"Hapana."

"Umekasirika, Mama Mapacha. Nakujua."

"Kama unanijua, unaniuliza nini?"

Mume alipumua. "Sikiliza. Wangenishukuru mimi, tungekuwa wapi? Mshahara wa dereva na wa mpishi si sawa. Chumba ni cha dereva, hakuna chumba cha mpishi. Nilipiga hesabu pale pale. Wewe ukitoka, bado tuna paa. Nikitoka mimi, wote tuko nje. Bora lawama kuliko fedheha."

"Lawama ya nani?"

Baba Mapacha akageukia ukuta.

"Nakuuliza. Lawama ya nani, na fedheha ya nani? Maana naona lawama nimebeba mimi, na fedheha nimebeba mimi. Wewe umebeba nini, Baba Mapacha? Usukani?"

"Usipige kelele. Kuta hizi zina masikio."

"Na mimi nina masikio! 'Akili ilikuwa kwenye masufuria.'" Alimwigiza sauti, na machozi ambayo hayakutoka kijitoni yakatoka sasa. "Hesabu yako ni sahihi. Hata mimi niliipiga, kule nyuma, nimebanwa na pipa. Ningejibebesha mwenyewe! Ningesema nimesahau kabla hujafungua mdomo. Ulichotakiwa kufanya ni kunitazama. Ungegeuza shingo tu, nikaona kwamba unaniomba. Hukuniomba. Uliniokota kama jiwe ukaniweka chini ya tairi."

Baba Mapacha alitazama kitambaa kinavyotoa mvuke. Midomo yake ilicheza mara mbili tatu. Mama Mapacha aliacha kulia, akangoja. Alijua neno analolingoja. Lilikuwa dogo, hata mtoto wa chekechea analo.

"Kesho," mume alisema mwishowe, "nani atanifungia?"

Alimtazama asiamini.

"Msimamizi anakwenda nami tena," aliendelea, sasa kwa haraka, kwa kunong'ona. "Na kijito kitakuwa kimejaa zaidi. Ukitoka mapema, watu hawajaamka, ukanifungia hapa hapa yadini. Dizeli nitajua la kuwaambia. Siku mbili tatu tu, mpaka goti lipate nafuu."

"Goti hilo lina mwaka."

"Mama Mapacha..."

"Mimi nimefukuzwa kazi," alisema, na akashangaa jinsi sauti yake ilivyotulia. "Mpishi aliyefukuzwa hagusi gari la kampuni. Kesho sichuchumai." Akachukua kitambaa kwenye goti, akakikamua, akatoka nacho nje.

*

Asubuhi aliamka kabla ya mumewe, kama kawaida, akafagia baraza. Alimsikia akivaa. Alimwona akipita, akivuka yadi kuelekea kwenye gari, akisimama kando ya gurudumu la mbele. Alisimama hapo muda. Madereva wengine walikuwa wakimwaga maji ya radieta, wakitukanana kwa upendo. Fundi alikuwa chini ya lori, miguu peke yake inaonekana. Fundi yule hakuhitaji redio, yeye mwenyewe alikuwa redio, ukimwambia jambo saa moja, saa mbili limefika mjini. Hakuna ambaye Baba Mapacha angemwomba bila kuulizwa kwa nini.

Aligeuka akatazama baraza. Safari hii aligeuza shingo yote. Alimtazama mke wake kwa macho ya mtu aliye ndani ya shimo, na Mama Mapacha akasimama na ufagio wake. Miguu ilitaka kwenda. Wallahi ilitaka. Miaka ishirini na miwili ya ndoa inajua njia yake bila kuonyeshwa. Aliukamata ufagio kwa nguvu akabaki pale pale.

Basi Baba Mapacha akashika bampa, akauachia mguu wa kushoto uteleze mbele, akajishusha mpaka makalio yakagusa matope. Akakaa chini kama mtoto mchanga, mguu umenyooka chini ya gari. Akashika habu kwa mikono miwili, akaikaza mpaka mshipa wa paji la uso ukasimama. Ikazunguka. Kisha, kwa kuwa kuinuka hakuweza, alijiburuta kwa makalio kuzunguka pua ya gari, akiacha mfereji kwenye matope, mpaka gurudumu la pili.

Dereva wa lori ndiye aliyemwona kwanza. "Gari limezaa nini leo?" alipiga kelele. "Mzee anatambaa!"

Wakacheka. Mama Mapacha aliwasikia wakicheka, na akajichukia, na bado hakwenda. Msimamizi alitoka ofisini na kikombe cha chai, akasimama ngazini.

"Mzee, unafanya nini huko chini?"

"Nafunga habu, bosi."

"Umeshafunga?"

"Nimeshafunga."

"Basi inuka, twende. Mvua haitungoji."

Baba Mapacha aliinua mkono akashika ukingo wa bodi. Akavuta. Mkono uliojaa matope ukateleza, akaanguka chini. Akashika tena, akateleza tena. Kicheko kikapungua, kikawa cha mtu mmoja, kikakoma. Fundi alitoa kichwa chini ya lori akatazama kwa kunyamaza, na huko kunyamaza si kawaida yake.

"Siwezi," Baba Mapacha alisema.

"Huwezi nini?"

"Kuinuka. Goti halikunjiki, bosi. Lina mwaka sasa." Alisema kwa sauti ya kusikika yadi nzima, kana kwamba anaogopa asipoimaliza sasa haitatoka tena. "Jana mke wangu hakusahau. Sikumwambia afunge. Yeye ndiye amekuwa akinifungia siku zote, na jana alikuwa amefungiwa nyuma, na mimi sikutaka nionekane hivi. Nilimsingizia. Ni mimi."

Msimamizi alikitazama kikombe chake. Chai ilikuwa bado inatoa moshi. Kwa muda alionekana kama mtoto aliyeachiwa nyumba ya watu wazima.

"Ulituteremsha bonde lile," alisema taratibu, "ukijua."

"Nilijua."

"Na mama naye alijua." Akamgeukia, kule barazani. "Nilikuuliza, mama. Nilikuuliza kwa adabu. Ukanitazama machoni ukaniambia ni kweli."

"Nilikuambia," Mama Mapacha alisema.

"Kama mngeniambia jana..." Hakumaliza. Aliweka kikombe juu ya ngazi. "Ufunguo wa gari, mzee. Chumba nitawapa mpaka mwisho wa mwezi. Zaidi ya hapo sina uwezo. Kazi ya jikoni pia siwezi kukurudishia, mama, nisamehe. Nitaandika nini? Kwamba mlinidanganya wote wawili, kwa hiyo mmoja nimemrudisha?"

Baba Mapacha alitoa ufunguo mfukoni akaunyoosha juu. Dereva wa lori, yule yule aliyecheka, aliupokea akampelekea Msimamizi, akikwepa kumtazama mtu.

Mama Mapacha aliuweka ufagio ukutani. Alivuka yadi huku hesabu ikijipiga yenyewe kichwani, hakuialika. Mumewe angesema jana kijitoni, wangepoteza kazi moja. Angenyamaza leo, wangepoteza moja. Amesema leo, wamepoteza zote mbili, na paa juu yake. Mwanamume gani huyu, anayenyamaza pa kusema na kusema pa kunyamaza? Alitaka kumpiga makofi mbele ya watu wote. Na chini ya hasira hiyo kulikuwa na kitu kingine, chepesi, kilichomtia aibu, kwa sababu kilifanana na furaha.

Alisimama mbele yake. Matope yalikuwa yamempaka mume wake mpaka kwenye nyusi.

"Mjinga wewe," alimwambia kwa sauti ya chini. "Ndiyo umeona leo ndiyo siku ya kusema?"

"Naomba unisamehe, mke wangu."

"Sasa unaomba. Sasa hatuna hata sufuria la kupikia msamaha huo."

Alitanua miguu, akainama, ubavu ukimlalamikia, akapitisha mkono wake chini ya kwapa la mumewe. Madereva walijifanya wana kazi. Alikuwa mzito, na matope yalimvuta kurudi chini.

"Nishike shingo," alisema. "Vizuri, nishike. Huo mguu usiutumie, niegemee mimi."